Kutoka Kifungoni na Kurudi Nyumbani katika Bonde la Rufiji

Historia ya vifungo huandikwa mara nyingi kwa kuzifuata sheria na mahakama, yaani kwa kuuliza nani alifungwa, kwa kosa gani na kwa muda gani, lakini katika bonde la Rufiji, kuanzia Utete na Kibiti hadi visiwa vya delta vilivyozungukwa na mikoko, swali zito zaidi ni la mahali pa kurudi. Mto wenyewe huhama, mafuriko hufunika mashamba na kufungua mengine, na kwa zaidi ya karne moja tawala mbalimbali zimekuwa zikiwahamisha wenyeji. Kwa sababu hiyo aliyemaliza kifungo chake alirudi mara nyingi kwenye jina la kijiji, wakati kijiji chenyewe kilikuwa kimekwisha kuhamishwa au kumezwa na pori.

Ili uzito wa jambo hili ueleweke, ni lazima kwanza kieleweke kilimo cha bondeni. Warufiji hupanda mpunga kwa kutegemea mvua na mafuriko, na maji yanapopungua hupanda mahindi na mazao mengine katika udongo uliobaki na unyevu, kilimo ambacho wenyewe hukiita mlau. Mazao hayo hulindwa usiku na mchana dhidi ya nguruwe, nyani na viboko kutoka kwenye dungu, ambacho ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kilimo cha namna hii hakimsubiri mtu: haki ya shamba hushikiliwa kwa kulilima na kulilinda, na nyumba iliyopungukiwa mtu mmoja mwenye nguvu kwa misimu miwili au mitatu hupoteza mavuno, kisha hupoteza na mipaka.

Chini ya utawala wa Wajerumani kifungo kilikuwa sehemu ya mfumo wa kazi. Tangu mwaka 1902 wenyeji wa pwani ya kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe wa vijiji na maakida, yaani watumishi wa serikali waliosimamia majumbe hao, na aliyekaidi alipigwa viboko 25, adhabu iliyojulikana kama hamsa ishirini, au alitiwa mnyororo. Vita vya Majimaji vilipozuka katika vilima vya Matumbi mwishoni mwa Julai 1905, Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa yaliyoipa vita hivyo jina, alikamatwa na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Wengi miongoni mwa waliosalimu amri walitumikishwa kazi za kulazimishwa, huku majeshi yakichoma vyakula na vijiji. Wanahistoria hutofautiana kuhusu idadi ya waliokufa kwa vita na njaa: Wajerumani walitaja watu 75,000, ilhali Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kwa vyovyote vile, mfungwa aliyeokoka mnyororo huo alirudi katika nchi iliyokosa mbegu na watu, na sehemu kubwa ya mashamba yaliyoachwa kusini mwa mto iliingia baadaye katika pori la akiba la Selous.

Utawala wa Waingereza uliunda Idara ya Magereza inayojitegemea mwaka 1931, lakini urekebishaji wa mfungwa ulibaki kuwa jambo la ndani ya kuta, na kilichompata mtu baada ya lango kufunguliwa kiliachiwa ukoo wake.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja baada ya uhuru. Kufuatia mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, iliyowahamisha wakazi wa bondeni hadi vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, na mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu wahalifu wazoefu kupelekwa kwenye makazi maalumu. Mambo hayo mawili hayakupangwa kwa pamoja, ila yalikuwa na mantiki moja, nayo ni kwamba mtu hutengenezwa upya kwa kuhamishwa. Aliyefungwa kabla ya operesheni na kutoka baada yake hakuwa amegawiwa kiwanja wenzake walipogawiwa, na alihitaji kuanza kwa kumwomba balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama tawala katika kundi la kaya jirani, amtambue.

Katika delta tatizo lilikuwa la kazi zaidi kuliko kiwanja. Mikoko imehifadhiwa kisheria tangu enzi ya Wajerumani, na ukataji wa boriti, ambazo kwa karne nyingi zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni, huhitaji kibali. Kazi iliyo karibu zaidi na mtu asiye na mtaji ndiyo hiyohiyo iliyo rahisi kumrudisha mahakamani.

Kati ya 2015 na 2017 mauaji yaliyotokea Kibiti, Rufiji na Mkuranga yaliwalenga polisi, wakiwamo wanane waliouawa tarehe 13 Aprili 2017, lakini pia wenyeviti wa vijiji na vitongoji na viongozi wa chama tawala. Hao ndio waliokuwa wakimdhamini mtu aliyetoka gerezani kwa kumwandikia barua ya utambulisho, na palipotawala hofu ya namna hiyo hakuna aliyethubutu kumdhamini mwingine. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 8,157 nchini kote, ambao 1,828 kati yao waliachiwa mara moja. Msamaha huo haukuwahusu mahabusu, yaani watuhumiwa wanaosubiri hukumu, na wala Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, inayoruhusu wafungwa kuachiwa mapema kwa masharti, haiwahusu. Mahabusu ambaye mashtaka yake yameondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka hutoka bila kuhukumiwa na bila kusafishwa, jambo ambalo kijijini pengine ni gumu kubeba kuliko kifungo kilichotumikiwa hadi mwisho.

Ukosefu wa uangalizi baada ya gereza hulaumiwa sana, na kwa haki, lakini kwa mkulima wa Rufiji kasoro kubwa imo katika sheria ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu halmashauri ya kijiji, baada ya kutoa ilani, kulihesabu kuwa limetelekezwa shamba lisilotumiwa kwa miaka isiyopungua mitano, na vifungo vingi vya makosa makubwa huzidi muda huo. Bunge lingepaswa kutamka waziwazi kwamba miaka ya kifungo na ya mahabusu haihesabiwi kuwa miaka ya kulitelekeza shamba.