Kabla ya PDF, Nani Walikuwa Wanakula kwa Vitabu Mwanza?

Wadau, kuna mzee mmoja simtaji jina. Ukiwa mwenyeji wa Butimba, hasa pande za Chuo cha Ualimu, utamjua tu. Zamani alikuwa anatandika turubai lake, anapanga vitabu vya mtumba na riwaya zilizochakaa, na kwa kazi hiyo hiyo akasomesha watoto. Siku hizi turubai ni lile lile ila juu yake kuna chaja na kava za simu. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, vitabu vimeenda wapi?" Akanyoosha kidole kwenye simu yangu.

Wengi tunasema softikopi ndiyo imeua kazi. Ukifuatilia historia, stori ni ndefu zaidi ya hapo.

Mwanza ilikuwa inazalisha vya kusoma, siyo kupokea tu kutoka Dar. Mwaka 1968 UNESCO na serikali walianzisha Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo. Vitabu vyake viliongelea pamba, uvuvi, ng'ombe, maisha ya watu wenyewe. Mwaka 1974 likaanza hapa hapa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Hapo kuna mwandishi, mchoraji, mchapaji na msambazaji, wote wanapata mkate. Kufikia 1986, kwa hesabu za serikali, karibu watu wazima 9 kati ya 10 walikuwa wanajua kusoma.

Shida ilianzia kwenye usambazaji. Vitabu vya shule vilipitia shirika la umma, Tanzania Elimu Supplies, na uchumi ulipoyumba miaka ya 1980 hata karatasi ikawa ngumu kupatikana. Mwaka 1991 ikaja sera mpya, kampuni binafsi zikaruhusiwa kuchapisha vitabu vya shule, maduka yakapumua. Mwaka 2013 kamati iliyokuwa inaidhinisha vitabu hivyo ikavunjwa, na baadaye kazi ikarudi serikalini, kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Duka lililokuwa linategemea msimu wa Januari likabaki na madaftari.

Simu ikakuta mgonjwa yuko kitandani tayari. Kindle ilitoka Marekani 2007, lakini mimi sijawahi kumwona mtu ameishika Butimba. Kilichotufikia ni PDF ya WhatsApp. Vitabu vya shule unavishusha bure Maktaba Mtandao ya TET, na kwa mzazi hiyo ni nafuu kubwa. Riwaya nazo, mtunzi anaweka sehemu za mwanzo Facebook, utamu ukikolea anasema tuma buku kwenye namba hii uingizwe kwenye grupu. Mtunzi hahitaji tena mchapaji wala duka. Mzee wa turubai ndiye hana nafasi kwenye hiyo hesabu.

Na hata mtunzi haponi. Mmoja anatuma buku, kesho yake PDF iko kwenye magrupu kumi. Nakiri, mimi mwenyewe nimeshafowadi riwaya nzima na sikuwaza mara mbili. Kumbe nilikuwa namla mtu.

Cha ajabu, nenda steshenari yoyote jirani na chuo. Wanachuo wanaleta PDF kwenye flashi, wanaprintiwa, wanabaindiwa. Watu bado wanataka karatasi. Pesa imehama tu, sasa inaishia kwa mwenye printa, na aliyeandika hapati hata mia.

Kwa hiyo kabla hatujailaumu simu, tujiulize nani analipwa kitabu kinaposomwa. Mzee wangu anasema akipata riwaya mpya atazipanga pembeni ya chaja. Wewe riwaya ya mwisho uliyosoma ulilipia, au ulitumiwa? Sema ukweli hapo chini, hatutaji majina.