Vikapsuli vya Dawa ya Shamba: Vilikotoka na Vinavyomhusu Mama

Leo tutaongea juu ya kitu kidogo mno: vikapsuli vinavyobeba dawa ya kunyunyizia mimea. Huenda viko katika chupa iliyo nyumbani kwako sasa hivi.

Kapsuli ya hospitalini unaijua. Ganda lake huyeyuka tumboni na dawa hutoka. Vikapsuli vya shambani hufuata wazo hilo hilo, ila ni vidogo kama vumbi. Hutengenezwa hivyo ili dawa itoke polepole na isimguse sana anayeinyunyiza.

Lakini wazo hili halikuanzia shambani. Lilianzia kwenye kitabu cha risiti! Ukilipa karo ya mtoto, karani huandika mara moja tu na maandishi hutokea kwenye karatasi ya chini, bila kaboni katikati. Karatasi ya namna hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Waliovumbua vikapsuli vyake ni Barrett Green na Lowell Schleicher, wa kampuni ya National Cash Register mjini Dayton. Walifunga wino usio na rangi ndani ya ganda la jelatini, ambayo hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, pamoja na gundi ya mti wa mgunga, kama ile wanayokusanya wenzetu wa Turkana na Samburu. Kalamu ikikandamiza, ganda hupasuka. Basi kumbuka hili, mama: ganda hilo la mwanzo lilikuwa la vitu vinavyooza, vitu ambavyo hata mtu hula.

Wakulima walipoanza kutumia vikapsuli, ganda likawa plastiki. Mwaka 1974 Marekani iliruhusu dawa iitwayo Penncap-M. Ndani yake mlikuwa na methili parathioni, sumu kali sana inayoweza kupenya hata kwenye ngozi. Ganda lilikuwa la jamii ya nailoni. Kwa mfanyakazi wa shamba hiyo ilikuwa nafuu kubwa, na haifai kuibeza. Kwa nyuki ulikuwa msiba. Vikapsuli vilikuwa na ukubwa karibu sawa na chavua ya maua, kwa hiyo nyuki walivikusanya pamoja na chavua, wakavipeleka mzingani na kuviweka akiba. Dawa ya kawaida humuua nyuki shambani. Hii ilimfuata nyumbani, ikawafikia na makinda yanayolishwa ile chavua.

Halafu ikaja zamu ya kuwafikiria watoto. Mtoto mdogo, ukilinganisha na uzito wake, hula matunda mengi kuliko mtu mzima. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilikomesha matumizi ya methili parathioni kwenye matunda na mboga nyingi zinazoliwa na watoto, yakiwemo matofaa. Mwisho wa mwaka 2013 matumizi yake yote yaliyobaki huko yalikoma.

Je, hakuna aliyefikiria ganda la kuoza? Walikuwapo. Katika miaka ya 1970, watafiti wa maabara ya serikali huko Peoria, jimbo la Illinois, walifunga dawa za shamba ndani ya wanga wa mahindi. (Ni maabara ile ile iliyosaidia kupata njia ya kutengeneza penisilini kwa wingi, kuanzia mwaka 1941.) Wengine baadaye wakajaribu mwani, na kitosani itokanayo na magamba ya kaa na kamba. Ugumu ni huu: ganda likioza mapema, dawa yote humwagika kwa pamoja, likikataa kuoza, vipande vyake hubaki udongoni. Plastiki ilikuwa rahisi zaidi, ndiyo maana ilishinda kwa miaka mingi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria dhidi ya chembechembe za plastiki zinazotiwa makusudi katika bidhaa. Watengenezaji wa dawa za mimea wamepewa hadi mwaka 2031 kutafuta ganda linalooza. Kwa hiyo kazi ya Peoria imerudi mezani.

Hapa kwetu vikapsuli vimeingia hadi chumba cha kulala. Mwaka 2017, kuta za nyumba katika kaunti ya Migori zilinyunyiziwa Actellic 300CS dhidi ya mbu wa malaria, kwa sababu vikapsuli huifanya dawa idumu ukutani kwa miezi. Jina Actellic tunalijua pia kwenye ghala la mahindi. Lakini ile ya ukutani siyo ya nafaka, hata kama jina linafanana!

Sasa chukua chupa ya dawa ya shamba uisome. Ukiona herufi CS baada ya jina, ndani mna vikapsuli. Hesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna sukuma au nyanya, kama karatasi ya chupa inavyosema, wala usizipunguze. Nguo za aliyenyunyiza zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto. Chupa tupu isiwekwe maziwa wala mafuta ya taa. Na mtoto akionja dawa hiyo, usimtapishe. Mkimbize hospitalini, na chupa uibebe, ili daktari ajue ni sumu gani.