Trdat, mwashi wa Ani aliyeiokoa kuba ya Konstantinopoli

Tarehe 25 Oktoba mwaka 989, tetemeko la ardhi liliikumba Konstantinopoli, Istanbul ya leo. Katika kanisa la Hagia Sophia, tao kubwa la magharibi liliporomoka na kuondoka na sehemu ya kuba. Ilikuwa pigo kwa milki nzima ya Bizanti, kwani hapakuwa na jengo lililotukuzwa kuliko lile. Kuba ina upana wa takriban mita 31, na kilele chake kiko zaidi ya mita 50 juu ya sakafu. Mafundi walikuwa tele mjini, lakini kazi hiyo ilikuja kuangukia mikononi mwa Mwarmenia aitwaye Trdat.

Habari hizi tunazipata kwa Stepanos wa Taron, mwanahistoria wa Kiarmenia aliyeishi zama zilezile. Anasimulia kwamba Wagiriki walihangaika sana na ujenzi huo, na kwamba Trdat, ambaye wakati huo alikuwapo mjini, alichora ramani, akatengeneza mfano mdogo wa jengo, kisha akaanza kazi. Nauona mfano ule mdogo kuwa ndio kiini cha kisa chote. Trdat hakupewa kiwanja kitupu. Sehemu ya kuba iliyosalia ilikuwa ya mwaka 562, iliyojengwa baada ya kuba ya kwanza kuanguka, na kwa zaidi ya miaka 400 ilikuwa imelemewa na kupinda kidogo kidogo. Ilimbidi aunganishe matofali mapya na hayo ya kale huko juu kabisa, bila ya upande mmoja kuusukuma mwingine. Jambo kama hilo hulijaribu kwanza kwa kitu unachoweza kukizunguka na kukigusa.

Alilijenga upya tao la magharibi pamoja na mbavu 15 kati ya 40 za kuba, na tarehe 13 Mei 994 kanisa likafunguliwa tena. Mwaka 1346 ikawa zamu ya upande wa mashariki kuanguka. Wa Trdat ukabaki. Kwa hiyo kuba anayoitazama mgeni wa leo ni kazi ya vizazi vitatu vilivyoachana kwa karne nyingi, na mbavu za magharibi ni zake.

Kwao hasa kulikuwa Ani, mji mkuu wa wafalme wa ukoo wa Bagratuni tangu mwaka 961. Mji huo ulikaa kwenye uwanda wa juu unaopakana na bonde la mto Akhuryan, mahali ambapo sasa ni mpaka wa Uturuki na Armenia. Mwaka uleule wa 989 Mfalme Smbat II alikuwa ameanzisha kanisa kuu la Ani chini ya mkono wa Trdat, kisha akafariki. Ndugu yake Gagik I akarithi ufalme, naye Malkia Katranide, mkewe Gagik, akalikamilisha kanisa mwaka 1001.

Hapo ndipo kipaji cha Trdat kinapoonekana wazi. Nguzo za ndani si magogo mazito ya mawe. Kila moja imechongwa kama fungu la nguzo nyembamba zilizoshikana, na mistari yake inapanda moja kwa moja hadi kwenye matao yaliyochongoka. Jicho halikwami popote. Ulaya ya magharibi ilikuja kujenga makanisa ya sura hiyo zaidi ya karne moja baadaye, na wapo wataalamu waliodai kwamba iliiga kwa Waarmenia. Ushahidi wa dai hilo ni haba, na sioni kama Trdat anauhitaji ili heshima yake ikamilike.

Gagik alitaka zaidi. Akaagiza kanisa la duara la Mtakatifu Grigori, kwa mfano wa Zvartnots, hekalu la karne ya 7 ambalo tayari lilikuwa gofu. Trdat akatii, akaliiga. Uzito ukazishinda nguzo. Zikaongezwa unene, lakini hatimaye jengo likaanguka. Ni funzo chungu kwa fundi kwamba wazo lake mwenyewe lilisimama, na lile la kuazima likamwangusha.

Hata hivyo kifusi kile kilikuja kuwa na faida. Mwanaakiolojia Nikolai Marr alipokifukua mwanzoni mwa karne ya 20, ilipatikana sanamu ya Gagik akiwa ameshika mfano wa kanisa lake, lenye ngazi tatu za duara. Toros Toramanian, msanifu aliyekuwa ameeleza kuwa Zvartnots ilikuwa na umbo hilohilo na kupingwa vikali, akapata ushahidi wa mawe. Sanamu yenyewe ilipotea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kinachojulikana kubaki ni kipande chake tu.

Kanisa kuu la Ani limepitia mengi. Mwaka 1064 Alp Arslan, sultani wa Waseljuki, aliuteka mji, nalo likageuzwa msikiti. Mwaka 1319 tetemeko liliiangusha kuba yake, na lile la mwaka 1988 likaivunja kona ya kaskazini-magharibi. Mwaka 2016 UNESCO iliiweka Ani kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Wapo ambao wangependa kuiona kuba ikirudishwa. Mimi ningeanza na kuta: zitegemezwe, nyufa zizibwe, mvua izuiwe isipenye kwenye kokoto na chokaa iliyo nyuma ya mawe ya uso. Kuba ya Trdat wa Ani hakuna aliye hai anayeijua ilivyokuwa, na kumbunia yeye kazi asiyoifanya kungekuwa kumdhulumu.