Wafu wa kando ya reli



Tarehe 1 Agosti inakaribia. Katika Kongo yetu hiyo ni siku ya wazazi, wazima na wafu. Asubuhi kila jamaa inabeba majembe na mafagio, inakwenda kwa malalo, inang'oa majani, inasafisha kaburi. Baadaye wanarudi nyumbani kula pamoja na wazazi walio wazima. Lakini katika chama chetu kuna watu ambao siku hiyo wanabaki na jembe mkononi, hawana fasi ya kwenda. Wafu wao walizikwaka kando ya reli, mwaka 1993. Kwa ajili yao tumeandika habari hii: nani alifanya kazi ya kilio tangu zamani, na nini inabaki wakati kazi hiyo inakatika.

Wengi wa wazazi wetu walitoka Kasai kuja kazi ya Union Minière. Mambo mengi waliacha nyuma, lakini kasala walikuja nayo. Kasala ya Baluba si wimbo wa kutuliza watu. Mwenye kuijua anasimama mbele ya wafiwa, anaanza kuita: jina la mufu, jina la baba yake, la nkambo yake, ukoo, sifa zao. Anayesikia jina la mkubwa wake analia, na akilia anatoa franga. Mwimbaji ni fundi wa kilio kama vile mwingine ni fundi wa mbao. Wasomi wetu waliona thamani ya kazi hiyo: Patrice Mufuta aliiandikia kitabu, na Clémentine Faïk-Nzuji akatoa chake Lubumbashi mwaka 1974. Mukumbuke jambo moja: bila majina, kasala haiendi.

Katika kambi za wafanyakazi, kilio kilikuwa na mwenyewe mwingine, ndiye kampuni. Mfanyakazi akifa, Union Minière, na nyuma yake Gécamines, ilitoa sanduku na gari la kubeba mwili. Jamaa walileta machozi na chakula tu. Ndiyo sababu wazee waliita kampuni baba. Lakini baba yule akaanguka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto ilibomoka, na uzalishaji ukashuka vibaya. Kufika 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa jina la kuondoka kwa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliwaita bana Shaba walioachwa na baba yao. Tangu hapo sanduku ni deni la jamaa, kwa fundi wa kando ya barabara.

Katikati ya hayo ndipo kulikuja kufukuzwa. Ilianza Likasi mwaka 1992, na Machi 1993 ikafika hapa Kolwezi. Watu wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapahapa, waliambiwa warudi kwao. Tulilala kwenye vituo vya reli majuma na majuma, kungojea gari la moshi. Njaa, kuhara, surua: watoto na wazee walikufaka pale pale. Wengine walikufa ndani ya vagoni, njia ya Kamina na Mwene-Ditu. Gari likisimama, wanaume walishuka, wakaazima jembe, wakachimba shimo fupi. Mufu alifungwa ndani ya kikwembe cha mama yake. Hakuna sanduku, hakuna kasala, maana filimbi ililia na kila mtu alikimbia kupanda. Mama mmoja wa chama chetu anasema hakulia siku ile. Alihesabu vituo. Alirudia hesabu ile mpaka mwisho wa safari ili asisahau mtoto wake alibaki wapi. Alirudi Kolwezi miaka kumi baadaye, na hesabu bado iko kichwani.

Je, mufu asiye na kaburi analiliwa wapi? Katanga yetu ilipata jibu moja kwa wachoraji. Miaka ya 1970, katika nyumba za miji ya migodi, watu walitundika ukutani picha zilizochorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Waliziita ukumbusho. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, alichora historia ya inchi nzima katika picha kama mia moja. Alimchora Lumumba amelala chini pamoja na Mpolo na Okito, na nyuma yao misalaba mitatu. Hao watatu waliuawa hapa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na miili yao ikaharibiwa ili wasiwe na kaburi. Ilibaki miaka mingi serikali kuwapa hata jiwe, lakini mchoraji aliwapa ukuta wa sebule. Ni mwaka 2022 tu Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba. Liliwekwa ndani ya sanduku, likapitishwa mpaka Shilatembo, fasi alipouawa, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Jino moja, na inchi nzima ilifanya kilio. Tshibumba hakuona siku hiyo: alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakuna anayejua alikufa namna gani.

Nasi tulijaribu. Tulikwenda kwa fundi wa mbao, mtu wa hapahapa, si wa kwetu, tukamuomba sanduku ndogo isiyo na mufu. Alikataa. "Sanduku ya bule inaita mwenyewe," alisema. "Miye nitawapa ubao. Muandike majina." Hakutaka franga. Tulifanya kilio na ubao ule, majirani wakaja kukaa nasi usiku kucha. Mwimbaji wa kasala alipouliza majina, jamaa tatu hazikujua kujibu. Wazee wao walikuwa wamekufa na majina yale.

Wenzetu fulani wanasema tuache, tusitoneshe kidonda. Tunawaelewa. Wengi wetu tunaishi tena uwanja mmoja na watu wa wakati ule, na kati yao wako waliotuficha. Hatuandiki kwa kudai nyumba wala kwa kulipisha. Lakini mama anayehesabu vituo hatakuwako siku zote.

Basi, mbele ya 1 Agosti, kila jamaa ilete kwa mwandishi wa chama jina la mufu wake, jina la baba na mama yake, na kituo kilichokuwa karibu. Tutayaandika ndani ya daftari na juu ya ubao. Asubuhi ya siku ile, wasio na kaburi la kusafisha, tukutane mbele ya ubao ule.