Giza Lenye Sura: Picha za Jazi katika Mwanga Hafifu na Istilahi za Kiswahili

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa kazi mbili ambazo lugha nyingine nyingi huzitenganisha. Mtu hupiga picha kama vile mwenziwe apigavyo ngoma, zeze au tarumbeta. Wanaisimu wanafahamu kwamba katika miundo ya aina hii kitenzi -piga huwa kimepungukiwa na maana yake ya msingi, na kwamba maana hubebwa zaidi na nomino inayokifuata. Kwa hiyo haifai kujenga nadharia kubwa juu ya ulinganifu huo. Hata hivyo, upo uwanja mmoja ambamo mpiga picha na mpiga ala wamekaribiana kweli, nao ni ukumbi wa muziki wa usiku, ambamo taa ni chache na hakuna tukio linalorudiwa. Mhadhara huu unafuatilia historia ya uwanja huo katika jiji la New York, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa lengo la kuonyesha kwamba upigaji picha gizani si suala la ufundi peke yake. Ni suala pia la namna giza linavyofasiriwa, na katika tafsiri hiyo lugha haikai pembeni.

Tuanze na ufundi. Penye mwanga hafifu, mpiga picha ana njia tatu: kupanua tundu la lenzi, kurefusha muda wa kuingiza mwanga, au kutumia filamu iliyo nyepesi kuhisi mwanga. Kila njia ina gharama yake. Lenzi yenye tundu la f/1.4 hupitisha mwanga takriban maradufu ya ule unaopitishwa na tundu la f/2, lakini eneo linaloonekana dhahiri hupungua. Jicho la mwimbaji likionekana vizuri, huenda sikio lake lisionekane vizuri. Muda ukirefushwa hadi sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, mkono wa mpiga ngoma hugeuka kuwa ukungu. Mwaka 1954 kampuni ya Kodak ilileta sokoni filamu ya Tri-X ya milimita 35, ambayo kasi yake ilihesabiwa kuwa 200 na baadaye 400, baada ya vipimo rasmi kubadilishwa. Filamu hiyo iliweza kusukumwa zaidi kwa kurefusha muda wake katika dawa, lakini chembechembe zake zilikuwa kubwa zaidi, na kilichofichika kabisa kivulini hakikurudi.

Njia ya nne ni kuleta mwanga wako mwenyewe. Herman Leonard, aliyepiga picha katika vilabu vya jazi vya New York mwishoni mwa miaka ya 1940, aliingia na taa za mweko, akazipanga karibu na taa za ukumbi na nyuma ya wanamuziki. Picha yake ya mwaka 1948 ya mpiga saksofoni Dexter Gordon, akiwa amezungukwa na moshi wa sigara uliomulikwa, imekuwa kielelezo cha jazi yenyewe. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Ila ikumbukwe kwamba ndani yake giza limekuwa pazia jeusi, na kazi ya pazia ni kumtokeza aliyemulikwa.

Roy DeCarava alichagua vingine. Alizaliwa Harlem mwaka 1919, akasomea uchoraji kabla ya kuigeukia kamera, na mwaka 1952 akawa mpiga picha wa kwanza Mmarekani mweusi kupata ufadhili wa Guggenheim. Katika vilabu vya jazi alikataa taa ya mweko na kutumia mwanga aliokuta, hata ulipokuwa balbu moja tu. Katika chumba cha giza hakuzilazimisha picha zake ziwe angavu. Alizichapa kwa kijivu kizito kilichopangika ngazi kwa ngazi hadi weusi. Mtazamaji mwenye haraka huona karatasi nyeusi. Akitulia, huona bega, kisha vidole, kisha uso wa John Coltrane.

Uchaguzi huo ulikuwa na uzito wake. Kipimamwanga cha kamera hukadiria kila kitu kana kwamba ni kijivu cha wastani, na mweko unaopigwa kutoka mbele hufuta mikunjo ya uso na kumtenga mtu na mahali alipo. Wanamuziki waliokuwa mbele ya DeCarava walikuwa weusi, nao walifanya kazi usiku. Kuwamulika kwa nguvu kungewatoa mahali ambapo muziki wao ulizaliwa. Kitabu chake cha picha hizo, *The Sound I Saw*, alikitengeneza kwa mkono mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini hakikuchapishwa hadi mwaka 2001. DeCarava alifariki mwaka 2009.

Mwaka 1963 wapiga picha weusi wa New York waliunda kikundi na kumfanya DeCarava mkurugenzi wake wa kwanza. Jina walilolichagua, Kamoinge, ni la Kigikuyu, nao walilipata katika kitabu cha Jomo Kenyatta, *Facing Mount Kenya*, cha mwaka 1938. Kwa tahajia ya leo ni kamũingĩ: kiambishi cha udogo ka-, pamoja na mũingĩ, yaani umma, neno ambalo ndani yake msomaji wa Kiswahili hulitambua shina -ingi. Ni kikundi kidogo cha watu wengi wenye nia moja. Ming Smith, mwanamke wa kwanza kujiunga nacho, alipiga mwaka 1978 picha za mwanamuziki Sun Ra kwa muda mrefu wa mwanga, hata vazi lake linalometameta likawa mawimbi. Ukungu wa mwendo, ambao kwa kanuni za kawaida ni kosa, kwake ulikuwa taarifa.

Sasa tuitazame lugha yetu. Kwa Kiswahili, filamu "husafishwa" katika chumba cha giza, kana kwamba giza ni uchafu. Tunazungumzia giza la ujinga na nuru ya elimu. Lakini lugha hiyohiyo inatofautisha giza totoro na utusitusi, na kivuli na weusi. Ina ngazi, kama zilivyo ngazi za kijivu katika karatasi ya DeCarava. Neno "kusafisha" limekwisha kuota mizizi na hakuna haja ya kuling'oa. Kinachotakiwa kwa mwandishi wa istilahi na mwalimu ni kutofasili mwanga hafifu kuwa ni ukosefu tu. Mwanafunzi akifundishwa kwamba penye utusitusi hapana cha kuonekana, atafyatua mweko kabla hajatazama. Akifundishwa kwamba utusitusi una sura zake, atasubiri macho yake yauzoee, kama wasikilizaji waliomo ukumbini walivyokwisha kuuzoea.