Sahani la Jodrell Bank

Oktoba 1957, mwanaastronomia Bernard Lovell alikuwa na darubini ya redio yenye sahani la mita 76, huko Jodrell Bank, Uingereza, na madeni ya kulitosha. Mitambo ya kuliinamisha ilitoka kwenye mizinga ya manowari kuukuu. Lilijengwa kusikiliza nyota. Siasa zikalipa kazi nyingine.

Tarehe 4 Wasovieti walirusha setilaiti ya Sputnik. Milio yake ilinaswa na yeyote mwenye redio ya kufaa. Roketi iliyoibeba, ndugu wa kombora la masafa marefu, haikuwa na sauti; ilihitaji rada. Siku chache baadaye Jodrell Bank ikaiona, na waliolalamikia gharama wakapoa kidogo.

Mwaka 1959 chombo cha Kisovieti, Luna 2, kiligonga Mwezi, na Jodrell Bank ikakifuatilia. Masafa ya mawimbi yake yalibadilika kadiri mvuto wa Mwezi ulivyokikaza mwendo, kisha kimya, na waliotilia shaka kwamba kilifika wakakosa hoja.

Kilele kilikuja Februari 1966. Mawimbi ya Luna 9, iliyotua Mwezini, yalifanana na ya mashine za magazeti za kupokea picha. Gazeti la Daily Express likaiazima Jodrell Bank mashine yake, na uso wa Mwezi ukachapishwa Uingereza kabla ya Moscow kuutangaza.