Uswidi na Norwe: Nyumba inapopambwa na mtaalamu ili iuzwe

Jumapili mchana katika miji ya Uswidi, ni jambo la kawaida kuona watu wamejipanga kwenye ngazi za jengo la ghorofa, wakivua viatu au kuvivika vifuko vya plastiki vya rangi ya buluu, kisha wakiingia mmoja mmoja katika nyumba ya mtu wasiyemjua. Ndani, taa zote zinawaka. Kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, mezani kuna bakuli la malimau, na ukutani hakuna hata picha moja ya wenye nyumba. Baada ya nusu saa hivi wageni hao hutoka, na pengine siku ya pili yake baadhi yao huwa wameanza kushindana kwa dau.

Nyumba hiyo haikuwa hivyo wiki mbili zilizopita. Imepangwa upya na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, kazi ambayo Waswidi huiita homestyling. Jirani zao wa Norwe nao wanayo. Kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi katika nchi hizi, au mwenye ndugu huko wanaojiandaa kuuza au kununua makazi, ni vyema kuelewa upambaji huu unafanya nini na haufanyi nini, kwa sababu sheria za nchi hizi mbili humlinda mnunuzi kwa namna tofauti.

Chanzo cha kazi hii

Anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa upambaji wa nyumba za kuuzwa ni Barb Schwarz, dalali wa nyumba wa eneo la Seattle nchini Marekani, aliyeanza kuifanya kazi hiyo miaka ya 1970. Hoja yake ilikuwa nyepesi: nyumba ya kuishi na nyumba ya kuuza ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza humfuata anayeishi ndani yake. Ya pili yapaswa kumwachia mgeni nafasi ya kujiona yeye mwenyewe akiishi humo.

Katika Ulaya ya kaskazini kazi hii ilipata nguvu pamoja na intaneti. Nchini Uswidi, tovuti ya Hemnet, iliyoanzishwa mwaka 1998, ndiyo soko kuu la matangazo ya nyumba. Mnunuzi hupitisha kidole juu ya simu, akitazama picha za nyumba moja baada ya nyingine, na huamua kwa muda mfupi ni ipi aende kuitazama kwa macho yake. Nyumba isiyompendeza pichani haipati mgeni siku ya Jumapili.

Mtaalamu hufanya nini?

Kwa kawaida kazi huanza kwa matembezi. Mtaalamu hupita chumba hadi chumba na kuandika orodha ya vitu vya kuondoa, vya kutengeneza na vya kuongeza. Sehemu ya kwanza ndiyo kubwa zaidi. Sofa ya pili, kabati lililojaa, mazulia yaliyopandana, mapazia mazito, viatu vya mlangoni na vyombo vilivyopangwa juu ya friji, vyote hupelekwa stoo ya kukodi au kwa jamaa. Chumba kikipungua vitu, sakafu huonekana zaidi, na chumba chenyewe huonekana kikubwa.

Hatua ya pili ni marekebisho madogo: bomba linalovuja matone, kitasa kilicholegea, balbu iliyoungua, ukuta wenye alama za mikono ya watoto. Kuta zenye rangi kali mara nyingi hupakwa nyeupe au rangi nyingine iliyopoa. Kisha huja suala la mwanga. Mwezi wa Novemba jua la Stockholm huzama kabla ya saa kumi alasiri, hivyo taa za mezani na za pembeni huwekwa katika kila chumba ili picha zisionekane zenye huzuni.

Mwishoni ndipo huja mapambo yenyewe: mito, matandiko, maua, taulo mpya bafuni. Kama nyumba ni tupu, samani hukodishwa, kwa sababu chumba kitupu huvuma sauti na macho hukosa kipimo cha ukubwa wake. Mpiga picha huja kazi ikiwa imekamilika. Harufu nayo ina nafasi yake: siku ya wageni jikoni hapakaangwi samaki, na madirisha hufunguliwa mapema.

Muuzaji pia huombwa kuondoa picha za harusi na za watoto, vyeti, bendera, na alama za dini, iwe ni msalaba au aya ya Kurani iliyotundikwa ukutani. Kwa familia iliyojenga maisha mapya ugenini, ombi hilo laweza kuuma, kana kwamba mtu anaambiwa afute jina lake. Hata hivyo, Waswidi wenyewe hupewa ushauri huohuo. Msingi wake ni kwamba mgeni akianza kusoma maisha ya mwenye nyumba, huacha kutazama nyumba. Uamuzi hubaki kwa muuzaji. Hakuna sheria inayomlazimisha.

Je, bei hupanda kweli?

Wanaouza huduma hii husema ndiyo bila kusita. Ushahidi una pande mbili.

Chama cha kitaifa cha madalali wa nyumba cha Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, kilieleza kuwa asilimia 81 ya madalali wa upande wa wanunuzi waliona upambaji humrahisishia mteja kuiona nyumba kama makazi yake ya baadaye. Sebule ndiyo iliyotajwa kuwa chumba muhimu kuliko vyote, ikifuatiwa na chumba kikuu cha kulala na jiko. Lakini hayo ni maoni ya watu wa kazi hiyo, si kipimo cha bei.

Watafiti watatu wa Marekani, Mark Lane, Michael Seiler na Vicky Seiler, walijaribu kupima bei yenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na jarida la Journal of Housing Research, waliwaonyesha wanunuzi nyumba moja kwa njia ya kompyuta, wakibadilisha rangi ya ukuta na samani. Nyumba iliyopangwa vizuri iliwapendeza zaidi na ilionekana kufaa zaidi kuishi. Hata hivyo, kiasi cha fedha walichosema nyumba hiyo ina thamani hakikubadilika kwa kiwango cha maana.

Matokeo hayo hayamalizi mjadala. Utafiti ulipima jicho la mtu mmoja mmoja mbele ya nyumba moja. Haukupima ni watu wangapi wangevutwa na picha zake sokoni. Nchini Uswidi na Norwe bei ya mwisho kwa kawaida hutokana na ushindani wa madau, na ushindani huhitaji angalau watu wawili wanaoitaka nyumba moja. Faida ya upambaji, pale inapokuwepo, hupitia njia hiyo: kuongeza idadi ya wanaofika mlangoni. Mahali ambapo wanunuzi ni wachache, au nyumba ina kasoro kubwa inayojulikana, mito mipya haitaziba pengo.

Gharama hutofautiana sana. Nchini Uswidi, ushauri wa saa chache hulipiwa krona elfu chache, ilhali kukodishiwa samani za nyumba nzima kwaweza kufika makumi ya maelfu. Baadhi ya madalali huijumlisha huduma hiyo katika ada yao, jambo linalofaa kuulizwa na kuandikwa kabla ya mkataba kutiwa saini. Faida ya mauzo ya makazi binafsi hutozwa kodi ya asilimia 22, na baadhi ya gharama za mauzo, kama ada ya dalali, hupunguzwa katika hesabu ya faida hiyo. Kwa hiyo kila risiti yafaa kutunzwa na kuulizwa katika mamlaka ya kodi, Skatteverket.

Uswidi: mzigo wa kukagua ni wa mnunuzi

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Upambaji huivuruga methali hiyo, kwani kibaya nacho chaweza kuvikwa kikapendeza. Hapo ndipo sheria inapokuwa muhimu.

Nchini Uswidi, mnunuzi wa nyumba na kiwanja chake ana wajibu wa kuikagua kabla ya kununua, kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya mwaka 1970. Kasoro ambayo angeweza kuigundua kwa ukaguzi wa makini huhesabiwa kuwa yake. Muuzaji huwajibika kwa kasoro zilizofichika kwa muda wa miaka 10. Kwa nyumba za ghorofa zinazomilikiwa kupitia ushirika wa wakazi, mpango ulioenea sana mijini, sheria inayotumika ni ya mauzo ya bidhaa, na muda huo ni miaka 2 tu.

Zulia lililotandikwa juu ya ubao uliooza, au kabati lililosogezwa mbele ya ukuta wenye unyevu, si kisingizio cha kutosha kwa mnunuzi ambaye hakulifunua wala kulisogeza. Muuzaji naye hana ruhusa ya kudanganya: anayeijua kasoro na kuificha kwa makusudi aweza kuwajibishwa. Lakini kuthibitisha kwamba alijua ni kesi ndefu na ya gharama. Picha nazo zina mipaka, kwani sheria ya matangazo ya biashara ya mwaka 2008 inakataza matangazo yanayopotosha, zikiwemo picha zinazobadilisha sura halisi ya nyumba.

Kuna ahueni moja. Dau la Uswidi halimfungi mtu mpaka pande zote mbili zitie saini mkataba wa maandishi. Mnunuzi aliyeingiwa na shauku Jumapili bado ana nafasi ya kurudi na mkaguzi wa majengo, au kujiondoa.

Norwe: ripoti ipo, lakini dau hufunga

Nchini Norwe mambo yamegeuka. Tangu tarehe 1 Januari 2022, muuzaji hawezi tena kumwuzia mtu wa kawaida nyumba iliyotumika kwa masharti ya jumla ya "ilivyo ndivyo ilivyo". Nyumba huambatanishwa na ripoti ya mkaguzi inayopima hali ya sehemu mbalimbali kwa daraja la 0 hadi 3. Daraja la 3 huashiria kasoro kubwa, na ripoti hutoa makadirio ya gharama ya kuitengeneza. Mnunuzi huhesabiwa kuwa anayajua yote yaliyoandikwa humo waziwazi, awe ameyasoma au hakuyasoma. Malalamiko yaweza kuwasilishwa ndani ya miaka 5.

Lakini dau la Norwe ni ahadi kamili. Likishamfikia muuzaji, mtoaji hawezi kulirudisha hadi muda aliouweka upite, na likikubaliwa, biashara imekwisha. Kanuni humzuia dalali kumfikishia muuzaji dau lenye muda unaokwisha kabla ya saa sita mchana ya siku ya kazi inayofuata siku ya mwisho ya kutazama nyumba iliyotangazwa. Saa hizo ndizo za kusomea ripoti, na anayezitumia kukumbuka uzuri wa sebule amezipoteza.

Ya kuzingatia

Kwa muuzaji, hatua zenye uhakika zaidi ndizo za bei ndogo: kupunguza vitu, kusafisha mpaka pembeni, kutengeneza vidogo vilivyoharibika, kuongeza mwanga na kupata picha nzuri. Kukodi samani hufaa zaidi kwa nyumba iliyo tupu. Nyumba iliyochakaa, ambayo mnunuzi yeyote atavunja jiko na kulijenga upya, haihitaji mapambo ya gharama. Wateja wake hutafuta bei nafuu na maelezo ya kweli.

Kwa mnunuzi, la kwanza ni futi ya kupimia. Nyumba iliyopambwa mara nyingi huwekewa samani ndogo. Chumba kilichoonyeshwa na kitanda cha sentimita 120 hakitakuwa hivyo kikiingia cha sentimita 180, na meza ya watu wawili haitatosha familia ya watu saba. La pili ni kurudi mchana, taa zikiwa zimezimwa. La tatu ni kufungua makabati, kufunua mazulia na kutazama kwa makini bafuni, hasa kandokando ya tundu la maji sakafuni, ambako unyevu hupenya. Kwa nyumba ya ushirika nchini Uswidi, la nne ni kusoma taarifa ya fedha ya mwaka ya ushirika huo: deni lake na matengenezo yaliyoahirishwa hulipwa na wakazi kupitia ada ya kila mwezi.

Baada ya mauzo, samani za kukodi hupakiwa garini na kupelekwa nyumba nyingine itakayotazamwa Jumapili ijayo. Mnunuzi hubaki na kuta, mabomba, paa na mkopo wa miaka mingi, na hivyo ndivyo anavyopaswa kuvikagua kabla hajataja bei.